Mji Usio na Vilima

Mhadhara wa wazi uliotolewa Nyakabanda, Kigali



Ubishi nilioombwa kuuzungumzia mnaujua. Kampuni ilitengeneza gemu zamani. Gemu ikapendwa, ikazeeka, ikaacha kuuzwa. Miaka inapita, kampuni inairudisha sokoni ikiwa imepakwa rangi mpya na kubandikwa bei mpya. Wakati huohuo kuna watu wa kujitolea, waliotawanyika huku na huko duniani, ambao wameiandika upya gemu ileile na kuitoa bila malipo, pamoja na msimbo wake wote. Je, tumlipe mwenye gemu, au tuchukue ya wale wa kujitolea?

Kila nikiusikiliza ubishi huu naona pande zote mbili zinahesabu faranga. Mmoja anasema ya bure ni wizi. Mwingine anajibu kwamba kuuziwa gemu ya utotoni mwake kwa bei ya gemu mpya ndio wizi wenyewe. Mimi nimekuja kusema kwamba bei ni jambo dogo hapa. Kubwa ni kama unaruhusiwa kuifungua gemu, ukaziona kanuni zilizomo ndani na ukazigeuza. Nitafika huko kupitia mji mmoja wa kubuni usio na kilima hata kimoja, lakini kwanza nipitie njia mnayoijua.

Hata wazee humu wanaijua Grand Theft Auto, angalau kwa makelele yake. Vice City ilitoka mwaka 2002, San Andreas 2004, na kijana aliyekulia mjini Afrika Mashariki katika miaka ile amemwona CJ, shujaa wa San Andreas, akikimbia na baiskeli. Nakala nyingi zilikuwa za kuchoma, tusidanganyane.

Mwaka 2021 yalifuatana mambo yanayofaa kufundishwa vyuoni. Mwezi wa pili, Take-Two, kampuni mama ya Rockstar inayotengeneza GTA, iliitaka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, iondoe miradi miwili, re3 na reVC. Waandaaji wa miradi hiyo walikuwa wameichambua programu ya GTA III na ya Vice City, wakauandika upya msimbo, wakaziba kasoro ambazo kampuni ilikuwa imeziacha miaka yote, gemu zikawa zinafunguka hata kwenye vifaa ambavyo hazikutengenezewa. Picha, sauti na ramani hawakuzigawa. Ili ucheze ilikubidi uwe na gemu yenyewe. Mwezi wa tisa Take-Two ikawapeleka mahakamani California. Mwezi wa kumi Rockstar ikatangaza toleo jipya la gemu tatu kwa pamoja, hizo mbili na San Andreas, na ikaziondoa zile za zamani kwenye maduka ya mtandaoni. Tarehe 11 Novemba toleo likatoka kwa dola 60, karibu faranga 60,000 kwa thamani ya wakati ule.

Likawa aibu. Mvua ilinyesha kama nyuzi nyeupe zilizomziba mchezaji macho, sura za watu zilivimba, na maneno ya kwenye mabango yalikosewa na programu iliyopewa kazi ya kuyasafisha. Toleo la kompyuta liliondolewa sokoni kwa siku kadhaa. Kampuni ikaomba radhi na kuahidi kuwarudishia wa kompyuta gemu zao za zamani. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka ule toleo zuri lilikuwa mahakamani, na bovu ndilo lililokuwa dukani. Kesi ilifungwa mwaka 2023 kwa makubaliano, na miradi ile haikurudi mahali pake.

Kuna jingine linalohusu GTA IV. Ilitoka 2008, na mikataba ya nyimbo nyingi za redio zake ilikuwa ya miaka kumi. Ilipofika Aprili 2018 nyimbo zikafutwa kwa sasisho, hata kwa mtu aliyeinunua kihalali siku ya kwanza. Kituo chake cha muziki wa Kirusi kilibadilishwa karibu chote. Fikiria umenunua redio dukani, na miaka kumi baadaye muuzaji anaingia sebuleni kwako usiku na kubadilisha vituo. Huyo ndiye mwenye mali tunayeambiwa tumwamini kwamba ataitunza.

Lakini nisiwape watu wa bure ushindi wa haraka hivyo. Mjini kwetu kuna mtu anayekujazia nyimbo mia kwenye fleshi kwa bei ya chapati na chai, na msanii wetu hapati kitu. Kijana akisikia wimbo wa rafiki yake unagawiwa namna hiyo anawaka moto. Ikiwa ni gemu ya Mmarekani, anasema hao wana pesa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Rwanda imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1984, ina sheria ya mali ya ubunifu ya mwaka 2009, na mwaka 2024 ikatunga nyingine mpya. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya Rockstar peke yake. Kesho kijana wa hapa Munanira akitengeneza gemu, zitamlinda yeye.

Ndiyo maana naomba tutenganishe mambo ambayo vijana huyachanganya. Nakala ya kuchoma si programu huria. Nakala ya kuchoma ni kazi ya mtu imechukuliwa kama ilivyo, bila ridhaa yake, na ndani imefungwa vilevile kama alivyoifunga. Programu huria imetolewa na aliyeiandika, kwa leseni, na leseni hiyo ina masharti. Mojawapo ya zile zinazotumika sana, GPL, inakuruhusu kutumia, kubadilisha, kugawa, hata kuuza, ila unayemuuzia lazima apate na msimbo. Katikati ya hizo mbili wako watu kama wa re3, ambao kazi ni yao lakini wameijenga juu ya msingi wa mwingine bila kuomba ruhusa. Hao ndio mahakama zinawapata kwa urahisi.

Upande wa wauzaji, pengine wa kuwatazama zaidi ni Wapolandi. CD Projekt ilianzishwa mwaka 1994 na vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, katika nchi ambayo diski za kuchoma ziliuzwa sokoni hadharani kama nyanya. Hawakuanza kwa kuwahubiria watu maadili. Mwaka 1999 walitoa Baldur's Gate ikiwa na sauti na maandishi ya Kipolandi, ndani ya boksi lenye ramani na vitabu, kitu ambacho mchoma diski hakukiweza, na watu wakanunua. Mwaka 2008 wakafungua duka la mtandaoni, GOG, kuuza gemu za kale bila kufuli lolote: ukishanunua unaihifadhi unapotaka, bila kuomba ruhusa ya seva. Kama urudishaji wa kibiashara ungekuwa wa namna hii siku zote, nisingekuwa na mhadhara.

Nanyi mnaodai kwamba wauzaji na wa kujitolea ni maadui, chunguzeni gemu za kale zilizomo humo GOG. Nyingi zinaendeshwa na DOSBox, programu huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Au chukueni PlayStation Classic ambayo Sony iliitoa Desemba 2018 kwa dola 100, yenye gemu 20 za zamani. Kampuni iliyotengeneza PlayStation ilipotaka kuiigiza mashine yake yenyewe, ilitumia PCSX ReARMed, kazi ya watu wa kujitolea. Miaka mingi walikuwa wakitazamwa kama wezi wa uani, kumbe ndio waliobaki na ufundi.

Na mara nyingi hata duka la kubishania halipo. Utafiti wa Video Game History Foundation wa Julai 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani haziuzwi tena na wenye haki zake. Hiyo ni Marekani yenyewe. Sisi huku, hata hizo chache zilizobaki dukani zinatudai kadi ya benki. Duka la mtandaoni la Steam halina bei ya faranga ya Rwanda. Ndipo inapoingia PPSSPP, na naona wengine mnaficha simu mkidhani nimekuja kukamata watu. [Kicheko.] Programu hiyo iliandikwa na Msweden, Henrik Rydgård, mwaka 2012, ni huria kabisa, na hugeuza simu kuwa PSP, mashine ambayo Sony yenyewe imeshaiacha. Anauza pia toleo liitwalo Gold, linalofanya kazi zilezile, kwa anayetaka kumshukuru. Kipindi cha usajili kikipita, mashabiki huingiza wachezaji wapya na jezi mpya ndani ya gemu ya mpira iliyokwisha kusahauliwa na walioitengeneza. Programu ni halali. Gemu mnazozilisha mnajua wenyewe zimetoka wapi, na hapo sitawatetea.

Sasa tuingie kwenye ule mji.

Mwaka 1984 Will Wright, Mmarekani, alitoa gemu ya helikopta inayolipua visiwa. Alipokuwa akiitengeneza aliona kwamba kuchora visiwa na barabara kunamfurahisha kuliko kuvilipua, akaanza gemu ya kujenga mji. Msingi wa hesabu zake aliuchota kwa Jay Forrester, mhandisi wa MIT aliyeandika kitabu cha Urban Dynamics mwaka 1969, akidai mji unaweza kuelezwa kwa hesabu kama mtambo. Wachapishaji waliikataa gemu hiyo kwa kuwa haina kushinda wala kushindwa. Ilikuja kutoka mwaka 1989 chini ya kampuni yake Maxis, ikiitwa SimCity, ikatikisa dunia. Mwaka 1997 Maxis ikanunuliwa na Electronic Arts, EA.

Mnaweza kuuliza Nyakabanda inahusikaje. Mwezi Januari 2007 Rwanda ilikubali kuingia katika mpango wa kumpatia kila mtoto kompyuta, One Laptop per Child, na kadiri miaka ilivyokwenda zaidi ya kompyuta 200,000 ziliingia nchini. Hakuna nchi ya Afrika iliyoupokea mpango huo kwa ukubwa kama Rwanda. Mnazikumbuka hizo XO: ndogo, nyeupe kwa kijani, na masikio mawili ya antena. Ndani zilikuwa na prosesa ya megahezi 433 na kumbukumbu ya megabaiti 256, nguvu ambazo simu ya bei rahisi leo inazicheka. Mwaka huohuo wa 2007 EA ikakubali kuitoa SimCity ya kwanza kwa ajili ya kompyuta hiyo. Januari 2008 Don Hopkins, mwandaaji programu aliyekuwa ameihamishia gemu hiyo kwenye mashine za Unix miaka ya tisini, akautoa msimbo wake chini ya GPL toleo la 3.

Hapa hakuna aliyeiba, hakuna aliyeshtakiwa. Mwenye mali alifungua mlango mwenyewe, akabaki na jina tu: SimCity ni alama ya biashara ya EA, kwa hiyo toleo huria likaitwa Micropolis, jina ambalo Wright alilitaka tangu mwanzo. EA haikupoteza biashara yoyote ambayo mtu anaweza kuionyesha. Kitu kimoja kiliondolewa: ajali ya ndege, iliyokuwa mojawapo ya majanga ya mji, kwa sababu ya Septemba 11.

Linganisheni na kilichofuata upande wa biashara. Machi 2013 EA ilitoa SimCity mpya iliyodai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Seva zikazidiwa siku ya kwanza, watu waliolipa wakakaa nje ya miji yao wakisubiri foleni. Ilichukua mwaka mzima kuruhusiwa kucheza bila mtandao. Baada ya hapo ikaja SimCity BuildIt ya simu, 2014, ambayo kuipakua ni bure, lakini ukijenga unasubirishwa, na ukichoka kusubiri unalipa. Kwa hiyo mtoto wa kijijini ambaye shule yake haikuwa na mtandao angeweza kuendesha ile ya 1989 kwenye XO iliyochajiwa, na tajiri wa Kiyovu mwenye intaneti ya waya alikuwa amefungiwa nje ya ile ya 2013.

Ningeishia hapo ningekuwa nimerudi kwenye bei na bando, na nimesema si jambo kubwa. Kuna mtu aliyeona mbali zaidi: Alan Kay, mmoja wa waasisi wa kompyuta za watoto. Kwa muda mrefu alilalamika kwamba SimCity ni sanduku lililofungwa. Mtoto anajifunza kwamba ukiweka kituo cha polisi uhalifu unashuka, na hawezi kuuliza kwa nini, wala kujaribu jibu lingine. Anajifunza siasa za mtu mwingine akidhani anajifunza jinsi miji ilivyo.

Mimi nimeufungua msimbo wa Micropolis, na nawaambia alichosema Kay unakiona kwa macho. Kodi inaanza asilimia 7. Ardhi ni tambarare. Kuna nchi kavu, maji na miti, basi. Kilima hakipo, wala mteremko, maana miinuko ilikuja baadaye katika SimCity 2000. Maeneo ni ya aina tatu: makazi, biashara, viwanda, na kila moja lina kiwanja chake. Na wachezaji waligundua mapema kwamba ukiziondoa barabara zote ukaweka reli kila mahali, mji unanawiri bila foleni wala moshi wa magari. Mnyarwanda akicheka hapo ana haki. Sisi hatuna hata kilomita moja ya reli.

Sasa tokeni nje mtazame Nyakabanda. Hakuna futi ya ardhi isiyoinama. Duka liko chini, familia juu, fundi cherehani barazani, na uani kuna mtu anafuga kuku. Kwa SimCity mtaa huu hauwezekani. Hauna rangi ya kuupaka kwenye ramani. Maji ya mvua yanateremka hadi mfereji wa Mpazi na kwenda Nyabugogo, na kila mwenye nyumba ya chini anajua jirani wa juu ameezeka lini. Usafiri ni pikipiki.

Nasema haya kwa sababu fikra iliyomo ndani ya gemu ile si ya gemu peke yake. Mpango mkuu wa Kigali wa mwaka 2013 uliyagawa maeneo kwa ukali, hapa makazi, pale biashara, na wengi mliokaa humu mnajua kilichowapata walioomba kibali cha kujenga. Mpango uliopitishwa 2020 ukalegeza: ukakubali matumizi mchanganyiko, na mtaa kuboreshwa hatua kwa hatua badala ya kufutwa. Sidai kwamba wapangaji wa mji walicheza SimCity mno. Nadai kwamba vizazi vya watu duniani, wapangaji wakiwemo, vimezoeshwa tangu utotoni kuona mji kuwa ni viraka vya rangi tatu, na karibu hakuna kati yao aliyeinua kifuniko akaona ni nani aliyeamua iwe tatu.

Toleo la kuuzwa, hata liwe zuri kama la GOG, haliwezi kutupa hilo. Linatupa mji uleule wa tambarare, safi, bila kasoro. Wala halitatupa Kinyarwanda au Kiswahili, kwa sababu hakuna mhasibu wa EA atakayepitisha gharama ya kutafsiri kwa ajili yetu. Toleo huria nalo halitupi hivyo vitu, lakini halituzuii kujitengenezea.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa vijana wanaosoma programu, wa vyuo na wa mitaani. Acheni kuanza na gemu mpya kubwa ambayo haitakwisha. Chukueni Micropolis. Kazi ya kwanza ni ndogo: ongezeni eneo la nne, la duka chini na nyumba juu, muone hesabu ya ajira na makazi inavyoyumba. Ya pili ni ngumu zaidi, mtaumia vichwa: kipeni kila kiwanja kimo chake, ili maji yateremke na barabara ya mwinuko igharimu zaidi. Ya tatu ni pikipiki, na hapo sina ushauri, maana sijaona mtu yeyote duniani aliyeandika hesabu ya pikipiki za abiria inayofanana na ukweli. Maneno yawe ya Kinyarwanda na Kiswahili tangu siku ya kwanza. Halafu waleteeni wazee hawa wawaambie mlipokosea, kwa kuwa wao wameuona mtaa huu kabla ya lami.

Mkimaliza na kuigawa, leseni inawataka muutoe msimbo wenu kama mlivyoupokea, ili kijana wa Kampala aweke vilima vyake na mfereji wa Nakivubo bila kuwaomba. Jina la SimCity msiliguse, ni la wenyewe, tafuteni lenu. Na akitokea mtu pale Nyabugogo anauza gemu yenu kwenye fleshi kwa faranga mia tano, msimwitie polisi. Mwulizeni tu kama msimbo nao ameuweka humo.